Zamu ya Kupisha Maji

Mpe mfasiri yeyote wa Dar es Salaam maneno mawili ya Kiingereza, evacuation zone, hatakuchelewesha. Atakuandikia "ukanda wa uhamishaji", atapokea ujira wake na kwenda zake, na kisarufi hutamkuta na kosa. Sasa ichukue karatasi hiyo, pita Ikwiriri, pita Mkongo, ukaisome mbele ya mkutano wa kijiji katika kata ya Ngorongo, kaskazini mwa Mto Rufiji. Mwambie mzee wa pale, "Shikamoo babu, nyumba yako ipo ukanda wa uhamishaji." Ataitikia marahaba, kisha atauliza anahamishwa na nani na kupelekwa wapi. Swali la mpaka lini huenda asiulize kabisa, maana jibu lake anadhani analijua.

Tuanze na wenye neno, tuone wao wanakusudia nini. Katika jimbo la Florida, Marekani, wilaya za pwani zimegawa ardhi yake kwa herufi. A ni ardhi inayofikiwa na maji kwanza, B inafuata, na kuendelea hivyo hadi E au F. Tufani inapokaribia, redio haitangazi kwamba pwani yote ihame. Inatangaza kwamba A waondoke leo kabla ya magharibi, B wakae tayari. New York nayo ilikuwa na herufi tatu, A, B na C. Tufani ya Sandy ilipolipiga jiji hilo Oktoba 2012 ilionekana kwamba mgawanyo huo ni mpana mno, na mwaka uliofuata wakaweka namba, 1 hadi 6.

Herufi na namba hizo hazipimi upepo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Upepo wa tufani haubagui, unavuma juu ya mkoa mzima, na nyumba imara huweza kuuhimili. Kinachopimwa ni maji. Tufani husukuma bahari mbele yake, na bahari ikifika ufukweni haina pa kwenda ila juu na ndani. Wataalamu huchukua ramani ya miinuko ya ardhi, wakapitisha kwenye kompyuta dhoruba nyingi za kubuni, za kila kasi na kutoka kila upande, wakaona ni wapi panalowa kwanza na wapi panalowa mwisho. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeishi kilomita nyingi kutoka baharini, kando ya mkono wa mto, anaweza kuwekwa A, na jirani wa bahari aliyejenga juu ya mwamba asiwe na herufi yoyote. Watu wa maafa wa huko wana kanuni fupi: mbele ya maji unakimbia, mbele ya upepo unajificha.

Kwa hiyo istilahi ile, ukiivua nguo, ina mambo matatu ndani yake: kimo cha ardhi, mpangilio wa nani aondoke kwanza, na muda. Hilo la muda halisemwi, kwa kuwa Mmarekani wa Florida hana shaka nalo. Anajua atarudi, na serikali ya mtaa itatangaza siku ya kurudi kama ilivyotangaza siku ya kuondoka.

Sisi huku tuna tatizo kabla hata ya kulifikia neno lenyewe, nalo lipo kwenye jina la adui. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, husema kimbunga, na vyombo vya habari vimefuata. Sina ugomvi na neno hilo, limekwisha kukaa. Lakini kimbunga humfanya msikilizaji aangalie juu, kwenye bati na mnazi. Tufani, neno ambalo sasa limebaki zaidi vitabuni, lilikuja kwetu kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni gharika. Ndilo neno la maji yaliyowachukua watu wa Nabii Nuhu. Waliolipokea pwani hii walipokea upepo na maji kwa pamoja. Ningekuwa mtangazaji wa redio ya jamii Kibiti, ningesema kimbunga kwa sababu ndilo watu wanalolisikia kutoka TMA, kisha sentensi ya pili ningeianza na maji, si na upepo.

Na vimbunga hivi si hadithi za mbali. Njia zake nyingi huishia Madagaska na Msumbiji, maana karibu na ikweta kimbunga hukosa msokoto wa kukifanya kizunguke, na sisi tupo ukingoni mwa eneo hilo. Ukingoni lakini si nje. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja wakati wa Sultani Barghash, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuharibu merikebu bandarini. Pemba ikanusurika, na kwa kunusurika huko ikaja kuwa ndiyo kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Aprili 2019 Kenneth ilielekea kusini, Mtwara ikafunga shule na ofisi, kisha ikaingia Cabo Delgado upande wa pili wa Ruvuma. Aprili 2021 Jobo ilikufa kabla ya kutufikia. Halafu ikaja Hidaya, tarehe 4 Mei 2024, ikagusa nchi kavu Mafia, mbele kabisa ya mlango wa delta ya Rufiji.

Itazame miezi hiyo: Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Ndiyo miezi ambayo Rufiji nayo hujaa. Bonde la mto huu linakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, na zaidi ya nusu ya maji yake huletwa na Kilombero. Mvua ya masika ikinyesha Ifakara, hesabu yake hulipwa Ngorongo, kisha Utete, kisha Muhoro, kisha delta. Hidaya ilipokuwa ikinyemelea, Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji tayari tangu Aprili. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ameliambia Bunge, tarehe 25 Aprili, kwamba mvua za msimu huo zimeua watu 155 nchini na kuathiri kaya zaidi ya 51,000.

Ndiyo maana ramani ya Florida haiwezi kunakiliwa hapa jinsi ilivyo. Yao ina mlango mmoja, bahari. Yetu ina miwili. Maji ya juu huanzia Ngorongo na kushuka. Maji ya chini huanzia Simba Uranga na kupanda. Katikati ya hapo, mahali kama Mbwera au Salale, yanakutana, na bahari iliyoinuka huuzuia mto usitoke. Delta yote ni tambarare, na mikoko yake, zaidi ya hekta 50,000, hupunguza nguvu ya wimbi lakini haiondoi kina cha maji.

Mabaharia wa delta wanajua jambo la tatu ambalo ramani za karatasi hulisahau, yaani mwezi. Pwani hii wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na wakati wa maji mafu hupungua sana. Bahari ikisukumwa na upepo siku ya bamvua, saa ya kujaa, ni janga. Ikisukumwa kwa nguvu ileile siku ya maji mafu, saa ya kupwa, huenda mtu asiamke. Hidaya ilifika mwezi ukiwa umebakiwa na siku nne kuandama. Maji mafu yalikuwa yamepita punde, bamvua ilikuwa bado njiani. Pamoja na hayo boti za Unguja zilisimama, na barabara ya Lindi na Mtwara ikakatika huko Kilwa. Ingekuja tarehe 9 au 10, sijui tungekuwa tunaandika nini.

Turudi kwenye kitenzi cha babu wa Ngorongo.

Mwaka 1968 Rufiji ilifurika. Hadi wakati huo wenyeji wengi waliishi bondeni, nyumba zimetawanyika katikati ya mashamba, juu ya vijiinuko ambavyo maji huchelewa kuvifikia. Baada ya mafuriko hayo serikali iliwaondoa, ikawapanga katika vijiji kwenye ardhi ya juu, hasa kaskazini mwa mto. Ndiyo Operesheni Rufiji, iliyotangulia kwa miaka kadhaa Operesheni Vijiji ya nchi nzima. Kwa namna fulani ile ilikuwa ramani ya kwanza ya kanda za hatari Rufiji, yenye rangi mbili tu, bondeni na juu. Waliohamia juu walipata shule na zahanati. Lakini bonde ndilo lililokuwa ghala lao, kwa sababu mafuriko huacha tope jipya na unyevu, na Mrufiji hupanda mlau maji yanapoondoka. Kwa hiyo watu walilala juu na kulima chini, wakivuka mto wenye mamba. Ubishi kama operesheni ile ilikuwa na heri au shari haujaisha, wala sina haja ya kuumaliza hapa. Ninachotaka ni kitenzi chake. Kuhamishwa, katika kumbukumbu ya bonde hili, ni safari ya kwenda tu.

Tena kitenzi hicho bado kinatumika hivyo. Katika mafuriko ya 2024 wananchi waliambiwa wahame mabondeni, na neno hilohilo moja lilibeba maana mbili: ondokeni usiku huu, na acheni kabisa kuishi hapa. Yote mawili yanaweza kuwa ushauri mzuri. Lakini mtu anayesimama mlangoni maji yakimfika kifundoni anahitaji kujua kama anaambiwa abebe godoro au ang'oe mabati. Asipojua, atabaki kulinda mabati.

"Ukanda" nao una kasoro yake. Mtanzania akisikia kanda anawaza Kanda ya Ziwa, Nyanda za Juu Kusini, vitu vyenye mikoa ndani yake. Hapa tunazungumzia kitongoji, na pengine nusu ya kitongoji, upande ule wa mwembe unaoteremka kwenye kijito.

Pendekezo langu ni kupisha. Sarufi yenyewe inanishawishi. Hamisha ni kauli ya kutendesha ya hama: kuna mtu anayetenda, na mwanakijiji ndiye anayetendwa. Pisha ni kauli ya kutendesha ya pita, lakini hapa mambo yamegeuka. Mwanakijiji ndiye mtendaji, na maji ndiyo yanayopitishwa. Mtu aliyepisha hakufukuzwa, amesogea. Na anayepishwa, kwa maana ya neno, ni mpita njia. Akishapita, aliyesogea anarudi alipokuwa. Muda ambao Mmarekani hausemi kwa kuwa anaujua, Kiswahili kinausema chenyewe.

Najua nitakayoambiwa. Neno hili limekwisha kuchafuliwa na matangazo ya wananchi kupisha ujenzi, kupisha barabara, kupisha hifadhi, na aliyepisha hifadhi hajarudi hata leo. Ni kweli. Huo ulikuwa utumiaji mbaya wa neno zuri, maana barabara haipiti, inakaa. Dawa yake ni kutolitumia peke yake. Iwe kila mara kupisha maji, kitenzi na yambwa yake, mpaka yazoeleke kama jina moja. Na kuhama libaki na kazi yake ya haki, yaani kuondoka moja kwa moja, ili mkuu wa wilaya akilitaja watu wajue anazungumzia viwanja, fidia na mwaka ujao, na wamjibu kwa hoja za namna hiyo.

Mahali pa ukanda ningeweka zamu. Mwanafunzi anaijua tangu mwalimu wa zamu, mwanamke anaijua kisimani, baharia anaijua usukanini. Maeneo ya zamu ya kwanza ni yale yanayolowa kwanza. Ya zamu ya pili yanafuata. Nimejaribu kufikiria daraja na ngazi nikaviacha, hasa daraja, kwa sababu tangazo la "daraja la pili liondoke" katika wilaya yenye Daraja la Mkapa litaleta kicheko kabla ya kuleta usalama. Zamu haina shida hiyo, tena ina adabu ndani yake: haimwambii mtu kwamba amekaa mahali pabaya, inamwambia saa yake imefika. Mtihani wa istilahi ya maafa ni kipaza sauti cha msikiti, betri ikiwa karibu kuisha. "Zamu ya kwanza inapisha maji kesho kabla ya adhuhuri" inapita hapo bila kukwama.

Delta inaongeza shida ambayo Florida haina. Huko watu hupisha kwa gari, wakipanga foleni kwenye barabara kuu. Kiongoroni gari litoke wapi? Kupisha huko ni kwa mtumbwi au mashua, na hakuna nahodha mwenye akili atakayepakia watoto bahari ikiwa imechafuka. Kwa hiyo zamu ya kwanza ya delta lazima iondoke bado kukiwa na jua na utulivu, wakati ambapo tangazo linaonekana kama upuuzi. Na atakayechelewa hana budi kupisha kwa kwenda juu badala ya kwenda mbali.

Hilo Wabangladeshi walilijua kwa gharama isiyosemeka. Novemba 1970 tufani iliingia kwenye delta yao na kuua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi kwa usiku mmoja. Baada ya hapo walianzisha mtandao wa watu wa kujitolea wenye vipaza sauti na bendera, na kwa miaka wakajenga majengo juu ya nguzo za zege, ambayo siku za kawaida mengi ni madarasa. Sidr ilipokuja Novemba 2007 iliua watu wapatao 3,400. Bado ni vifo vingi, ila si vya kulinganisha na 1970.

Nguzo si ngeni Rufiji. Dungu la shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ndimo mkulima hulala akilinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe, ngedere na viboko, na maji ya kawaida ya msimu hupita chini yake. Sisemi dungu litahimili kimbunga, halitahimili. Nasema kwamba wazo la kupisha maji kwa kupanda juu lina wenyewe hapa, na mhandisi atakayechora shule ya ghorofa ya nguzo Mbwera asije nalo kama zawadi kutoka nje.

Tahadhari zenyewe tunazo. TMA hutoa angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa, kwa rangi za njano, chungwa na nyekundu, na ngazi hizo watu wameanza kuzielewa. Kinachokosekana ni kiungo. Rangi ya TMA hupakwa juu ya mkoa: Pwani, pamoja na Mafia. Mkazi wa Nyamisati akiona rangi ya chungwa juu ya mkoa mzima hajui kama inamhusu yeye au Bagamoyo. Zamu ndiyo ingekuwa kiungo hicho, kwa mfano rangi ya chungwa iwe ishara ya zamu ya kwanza kupisha na nyekundu iite na ya pili, pamoja na kutazama mwezi. Upande wa Ngorongo kuna jingine tena. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limeweka milango kati ya mvua ya Kilombero na watu wa bondeni. Mwaka 2024 palikuwa na ubishi mkali, wengine wakililaumu bwawa, serikali ikisema bila hilo mafuriko yangezidi. Wowote waliokuwa na haki, bwawa lina watu wanaojua maji yanakuja kabla hayajafika, na taarifa yao ya kufungua milango ingepaswa kutoka ikiwa imetaja zamu, kijiji kwa kijiji.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati hadi ngazi ya kijiji, kwa hiyo wa kuzipanga zamu wapo. Kazi yao ya kwanza haihitaji kompyuta. Wazee waonyeshe maji ya 1974, ya 1998 na ya 2024 yaliishia kwenye mti gani, mti upakwe rangi. Utayari wa nyumba nao hauna makuu: vitambulisho, kadi ya kliniki na dawa ndani ya mfuko usiopitisha maji, simu imejaa chaji, redio ina betri, mtumbwi umefungwa upande wa juu. Mimi ningeongeza mbegu. Familia ya Rufiji iliyookoka bila mbegu imeokoka nusu, kwa sababu maji yakiondoka ndipo mlau unapoanza, na asiye na cha kupanda wiki ile anasubiri msimu mzima.

Daftari la kitongoji ndilo litakalowasumbua. Limeandikwa kwa nyumba, na Aprili hadi Juni watu hawapo nyumbani. Mpunga unakomaa, familia nzima imeshuka shambani na watoto na kuku, inalala kwenye madungu. Mtu ambaye daftari linamweka zamu ya tatu, juu kabisa karibu na barabara, wakati kimbunga kinapokuja analala mahali pa zamu ya kwanza, mara nyingi mahali pasipo na mtandao wa simu. Kwa hiyo daftari linahitaji safu ya pili, inayojazwa upya kila mwanzo wa masika: analala wapi mwezi huu, ng'ambo gani ya mto, na nani mwenye mtumbwi wa kumfuata.